Jinsi Nilivyokuwa Ng'ombe wa Mwisho

Kanuni iliyoninyang'anya nafasi yangu niliileta mwenyewe kutoka chuo kikuu, ndani ya daftari lenye jalada la bluu. Ni kanuni rahisi. Mtazamaji akiona mhusika anafanya jambo lisilofaa, anapiga makofi mawili. Waigizaji wanasimama walipo, naye anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya mhusika huyo na kuonyesha ambavyo yeye angefanya. Siku nilipowaeleza wenzangu kule Karatu, kijana mmoja aliuliza, "Na akiingia mlevi?"

Nikamjibu kwamba hata mlevi ana haki ya kusikilizwa. Nilikuwa nimehitimu shahada ya sanaa za maonyesho miezi mitatu tu kabla ya hapo, na nilikuwa na jibu la kila kitu.

Tulikuwa watu sita. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nasi tulimwita Mwalimu. Wengine wanne walikuwa vijana wa kiume wa hapo mjini. Kwa miaka mingi Mwalimu aliwapeleka vijana kama hao kucheza ngoma kwenye hoteli za watalii. Walikuwa Wairaqw kama mimi, watoto wa wakulima wa mahindi na mbaazi, lakini walivalishwa shuka nyekundu, wakaruka mbele ya wageni waliokwisha kula, na wakatambulishwa kama mashujaa wa Kimasai. Siku moja Mwalimu alikataa. Alisema amechoka kuwaigiza majirani mbele ya wageni wakati majirani wenyewe wapo na wana ya kusema. Tangu hapo kikundi kikahamia minadani na mashuleni, kikicheza michezo juu ya ardhi, ukame, na nani ana haki ya kusimulia habari za nani. Mimi nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya jambo hilohilo, juu ya maonyesho yanayojivua ukoloni. Mwalimu alinipokea kama mtu aliyekuwa akisubiriwa.

Kwa hiyo mchezo mpya niliuandika mimi. Uliitwa Kesi ya Ng'ombe. Ukame umepita, ng'ombe wamekufa, na mzoga mmoja umelazwa katikati ya watu kama kizibiti mahakamani. Washtakiwa wanaingia mmoja mmoja na kushtakiana: Jua, Mfugaji mwenyewe, anayeambiwa kwamba alifuga wengi mno, Mkulima aliyelima njia ya malisho, na Mgeni kutoka nchi ya viwanda, aliyekuja kwa ndege kupiga picha za simba na asiyeelewa kwa nini ameitwa. Hakuna hukumu. Wanaohukumu ni watazamaji. Lakini kabla ya kesi niliweka sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mama mwenye mji anapita kati ya mizoga akihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na moja, na kila hesabu ina pigo lake la ngoma. Nilipoisoma kwa sauti chumbani kwangu nililia mwenyewe. Mama nilikuwa mimi.

Siku ya mnada tulicheza kando ya zizi la mbuzi. Nilikuwa nimefika tisa. Nikasikia makofi mawili.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa shuka ya bluu, ana ndoo ya plastiki mkononi. Baadaye nilijua kwamba alitoka Kakesio, kata ya wafugaji ndani ya Ngorongoro, kwamba aliishia darasa la saba, na kwamba ng'ombe wa kwao walipokufa karibu wote kwa ukame alikuja Karatu kufua mashuka kwenye nyumba ya kulala wageni. Aliweka ndoo chini, akanitazama, akasema kwa upole, "Dada, pumzika."

Hakuhesabu. Alipiga magoti kando ya kijana aliyelala kama mzoga, akaanza kumvua kengele shingoni. Kengele haikuwepo. Vidole vyake vilifungua ukanda ambao hatukuuona, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kisha akaushika ulimi wa kengele usilie, akaificha ndani ya shuka yake. Basi. Mnada mzima, pamoja na muuza dawa ya panya mwenye spika, ulinyamaza.

Nilihesabu sekunde kumi na moja. Mimi huhesabu vitu nikiwa na wasiwasi: ngazi, mabati, mara ngapi mtu amesema "sawa" kabla ya kukata simu. Kimya kirefu kuliko vyote nilichowahi kupata nikiwa Mama kilikuwa sekunde nne.

Nilimgeukia Mwalimu ili anisaidie kumshukuru mgeni na kuendelea na mchezo. Mwalimu alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Mwalimu alimwomba ajiunge nasi, na baada ya wiki mbili yeye alikuwa Mama, nami nilikuwa ng'ombe. Vijana wanne walilala kama mizoga mwanzoni, kisha wakainuka kuwa washtakiwa. Mimi nilibaki chini mpaka mwisho, kwa kuwa lazima kizibiti kiwepo. Mwalimu alinieleza kwa maneno mazuri. "Binti yangu, wewe ni mwandishi. Ukilala pale katikati utausikia mchezo wako wote." Nilikaa siku tatu nikiyageuza maneno hayo. Je, alimaanisha kwamba ni heshima? Au ni vile mtu anavyomwambia mtoto kwamba kazi ya kushika mlango ni kubwa kuliko zote? Na kama ni heshima, mbona alinipigia simu badala ya kuniambia uso kwa uso?

"Msomi, leo umekufa vizuri," vijana waliniambia tukikusanya vyombo.

"Mwacheni. Ni ng'ombe pekee wilaya hii mwenye shahada," mmoja wao akadakia.

Nilicheka nao. Nikifika chumbani nilifungua simu na kutazama video za maonyesho, si kumtazama yeye bali kuwatazama watu wanavyomtazama. Alishika maneno yake kwa kusikia mara moja, wakati mimi mswada wangu mwenyewe niliupaka kalamu za rangi tatu na bado nilisahau. Hakukesha usiku akijiuliza mikono yake aiweke wapi; mikono yake ilikwenda inakotakiwa yenyewe. Sokoni watu walimwita "mama wa ng'ombe" na kumwongezea nyanya. Muuza mboga mmoja alinikazia macho mimi akasema, "Wewe si uko na yule mama wa ng'ombe? Unafanya nini pale, unalinda vyombo?"

Nilisema ndiyo, nalinda vyombo.

Sikuweza hata kumchukia vizuri, maana hakuwa na majivuno. Angekuwa na majivuno ningepumua. Kuna jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu, na naliandika hapa kwa aibu: niliuonea wivu hata msiba wake. Niliona kwamba yeye ana msiba na mimi nina tasnifu, na kwamba hapo hakuna mashindano. Wakati huohuo nyumbani kwetu Endamarariek mahindi ya baba yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti. Baba alinipigia simu kunieleza, nami nikamwambia, "Pole, baba," huku nikisoma maoni ya watu chini ya video.

Kulikuwa na sehemu moja tu aliyokuwa dhaifu: ile hesabu. Akifika pale sauti ilimwishia. Alihesabu harakaharaka, macho chini, kama mtoto anayesoma barua ya adhabu yake mwenyewe mbele ya darasa, na kuna siku aliruka kutoka kumi na mbili mpaka ishirini. Nikiwa nimelala chini, macho yamefumbwa, nilisubiri sehemu hiyo kwa hamu. Ilikuwa dakika yangu. Kila alipotetereka nilijisikia nimerudi kidogo kuwa Mama.

Siku nne kabla ya safari ya kwenda kucheza Kakesio, tulimaliza mazoezi kwenye ghala lililo nyuma ya nyumba ya Mwalimu, na yeye akanifuata bombani nilikokuwa naosha vumbi miguuni.

"Dada, ile hesabu."

"Imefanyaje?"

"Kwetu hatuhesabu ng'ombe hivyo. Awe hai, awe amekufa. Ni kama unawaita na wengine wafe." Alifunga bomba nililokuwa nimeliacha wazi, akaendelea. "Hapa mjini watu ni mchanganyiko, nafumba macho nahesabu. Lakini kule atakuwepo mama yangu. Mbele ya mama yangu siwezi. Mwambie Mwalimu aitoe."

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mswada ni wako. Mimi nimekuja juzi, nikianza kutoa maneno ya watu ataona nimekuja kuvuruga. Wewe ukisema atasikia."

"Nitamwambia," nilisema.

Ningependa kuandika kwamba sikuwa najua. Nilikuwa najua. Bibi yangu alikuwa hapendi sisi wajukuu tuhesabiwe. Jioni, akitaka kuhakikisha kwamba wote tumerudi, aliita majina yetu kuanzia mkubwa, na asiyeitika ndiye aliyekosekana. Niliandika mpaka thelathini na moja bila kumkumbuka bibi hata mara moja, na nilipokumbushwa pale bombani nilihisi kwanza aibu, halafu hasira kwa aliyenikumbusha.

Nilimwandikia Mwalimu ujumbe. Nikaufuta. Nikauandika tena kwa adabu zaidi, nikaufuta. Niliandika mara nne kwa jumla. Kati ya ujumbe mmoja na mwingine nilijipa sababu: kwamba kazi ya sanaa ni kusumbua, kwamba mchezo usipomgusa mtu pabaya haujamgusa, kwamba mizani ya mchezo itaharibika, ngoma itabaki bila kazi, kwamba pengine mama yake hatakuja. Zote zilikuwa sababu za kisomi na ningeweza kuzitetea mbele ya jopo. Lakini ukweli ulikuwa mfupi. Hesabu ikitoka, hakuna kilichobaki ambacho yeye hakiwezi, na mchezo unakuwa wake moja kwa moja. Hesabu ikibaki, atasimama mbele ya watu wake wote na kushindwa. Nilitaka kuona akishindwa. Sikutaka aumie. Nilijiambia hivyo: ashindwe tu, asiumie, kana kwamba ningeweza kumpimia.

Tulisafiri alfajiri kwa Landrova ya kukodi ambayo siku za kawaida hubeba vyakula vya kambi za watalii. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda msituni, tukafika juu kwenye ukingo wa kreta ambako ukungu ulikuwa mzito na magari ya wageni yalikuwa yamejipanga yakisubiri ufunguke. Dereva hakusimama. Tukateremka upande wa pili kuelekea Endulen, na ardhi ikaanza kubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya biskuti. Yeye alikaa dirishani. Kila baada ya muda aliwaeleza vijana kitu: pale tulikuwa tunapitisha ndama, pale palikuwa na maji. Vijana walimsikiliza midomo wazi. Nilikumbuka kwamba mimi pia najua kueleza vitu njiani, lakini hakuna aliyeniuliza.

Endulen gurudumu lilipata pancha. Dereva alipokuwa anabadilisha, yeye alinijia.

"Ulimwambia?"

"Amekataa."

Alinitazama. Sikujua pa kuweka macho, nikayaweka kwenye gurudumu.

"Sawa," alisema. Alisema mara moja tu.

Kakesio tulicheza mchana, kwenye uwanja ulio karibu na shule. Wanawake walikaa upande mmoja, wanaume upande mwingine na fimbo zao. Mama yake alikuwa mbele, mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa. Nilimwamkia kwa salamu niliyoizoea minadani, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kusema jambo ambalo binti yake alinitafsiria. Alikuwa ananishukuru kwa kumwandikia mwanawe maneno mazuri.

Ilikuwa bado mapema. Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, akikaza ngozi ya ngoma. Nilihesabu hatua hizo. Halafu nikaenda kulala mahali pangu, wa tano, mwisho wa mstari.

Ukiwa ng'ombe aliyekufa huoni kitu. Unasikia. Nilisikia kandambili zake za tairi zikiingia uwanjani. Mwalimu akapiga pigo la kwanza, pigo la "moja". Hakuna sauti. Akapiga tena, akidhani hakusikika. Kimya. Naapa kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijisemea, huyo, ameshindwa. Nilikuwa nimelala shavu langu likiwa vumbini, mdudu akinitembea shingoni, nami nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata siku yoyote niliyopigiwa makofi.

Kisha akaanza kuongea Kimasai.

Aliongea na kijana wa kwanza, yule mwenye fulana nyekundu. Kimasai changu ni cha sokoni, lakini rangi nazijua, na nilisikia wekundu, nikasikia weupe wa kwenye paji, nikasikia jina la mahali. Alimweleza ng'ombe huyo ni nani, mama yake nani, alikatwa sikio upande gani, alizaliwa wakati gani wa mvua. Wanawake walianza kumwitikia kwa mguno. Akahamia kwa wa pili, mguno ukakua. Kwa wa tatu bibi mmoja alidakia, akasahihisha jambo, watu wakacheka na yeye akakubali kusahihishwa. Mwalimu aliacha kupiga ngoma. Hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Ndivyo mwenye ng'ombe anavyojua ng'ombe wake, niliambiwa baadaye: anawatazama wakiingia, na asiyekuwepo anamwona kwa nafasi aliyoiacha. Kama bibi yangu alivyotuita jioni.

Miguu yake ikaja ikasimama kichwani pangu. Akabadilisha lugha. Wale wanne aliwaeleza kwa Kimasai. Mimi alinieleza kwa Kiswahili, polepole, ili nisipotewe na neno.

"Na huyu wa kijivu. Jamani, huyu alikuwa mzuri. Pembe nzuri, ngozi nzuri, na ukoo wao ni wa maziwa. Lakini tukifika majini hanywi."

"Anaumwa?" mtu aliuliza.

"Haumwi. Anaangalia wenzake wanavyokunywa. Huyu amepewa mahali pazuri. Yule amekunywa zaidi. Anazunguka nyuma, anazunguka mbele. Akirudi, maji yamekwisha."

Kicheko kililipuka upande wa wanaume. "Ninaye huyo! Ninaye nyumbani!" mzee mmoja alisema kwa sauti.

"Huyo si ng'ombe, ni mke mwenza," mwanamke mmoja akasema, na sasa wanawake nao wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega.

"Ungemchinja mapema!" mtu mwingine akapaza sauti.

"Hapana," alisema. "Huyu nilikuwa nampeleka majini peke yake, kabla wengine hawajaamka. Akiwa peke yake anatulia. Anakunywa. Na maziwa yake, mama yangu yupo hapa, muulizeni."

Akapiga magoti. Nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye mikono yake. Vidole viwili vilinigusa shingoni, vikafungua ukanda, vikamsukuma yule mdudu pembeni kana kwamba ni sehemu ya mchezo. Niliisikia kengele ambayo haikuwepo ikinyamazishwa. Mimi nilikuwa natakiwa kuwa mzoga, lakini machozi hayaulizi.

"Huyu bado yuko hai," mama mmoja alisema karibu yangu, na watu wakacheka tena, safari hii kwa upole.

Kesi ilianza. Mfugaji aliposhtakiwa kwamba alifuga wengi mno, yalisikika makofi mawili, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaingia kuchukua nafasi ya Mfugaji. Alimuuliza Mkulima, aliyekuwa akimshtaki, "Umesema wengi. Nani aliwahesabu?" Kijana wetu alimgeukia Mwalimu, kwa kuwa jibu halikuwa kwenye mswada. "Wanakuja na daftari wanahesabu ng'ombe wangu," mwanamke akaendelea, "wanahesabu watoto wangu, wanahesabu mabati yangu. Na huyu Mgeni? Moshi wa kwao nani ameuhesabu?"

Uwanja ulilipuka. Mgeni, ambaye ni kijana wa Karatu mwenye miwani ya jua ya kuazima, alirudi nyuma hatua tatu za kweli.

Chini pale vumbini nilielewa nilichokuwa nimekiandika. Kama Mama angehesabu, mwanamke yule asingeweza kuuliza swali lake, maana jibu lingekuwa limeshatolewa na mwenye ng'ombe mwenyewe, mpaka thelathini na moja, kwa ngoma. Nilikuwa nimechukua daftari la wanaowahesabu nikaliweka mkononi mwa Mama, nikaliita uchungu. Mimi, mwenye tasnifu.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo Mwalimu alimjia yeye, uso wote ukiwa umefunguka.

"Binti, umefanya jambo kubwa leo. Lakini kwa nini hukuniambia kwamba kwenu hamhesabu? Ningeitoa siku hiyohiyo. Hata usiku ungenipigia."

Nilikuwa nimesimama kando yao na vumbi upande mmoja wa uso. Yeye hakunitazama.

"Nilisahau, Mwalimu," alisema.

Hata wema huo niliuonea wivu. Nilitaka anitaje. Angenitaja mbele ya watu ningepata cha kumlaumu, ningelala usingizi. Badala yake nililala kwenye sakafu ya darasa pamoja na wenzangu nikijiuliza kama mimi, katika nafasi yake, ningesema "nilisahau". Nilijua kwamba nisingesema.

Asubuhi alikuja kunichukua peke yangu, kabla wengine hawajaamka. Ilinichukua nusu ya njia kutambua alichokuwa anafanya, na nilipotambua sikujua kama nicheke au nikae chini. Bomani kwao mama yake alinipa chai yenye maziwa, akanitazama vizuri, akamuuliza binti yake swali fupi.

"Anauliza kama wewe ndiye yule wa kijivu."

"Mwambie ndiye."

Mama alicheka bila meno ya mbele, akaniongezea chai. Ng'ombe walianza kutoka zizini kwa mstari, waliobaki. Nilisimama kuwatazama, na macho yangu yakaanza kazi yao bila kuniuliza. Nilipogundua nilikuwa tayari nimekwenda mbali. Nikainamisha kichwa, nikaitazama chai.

"Umefika wangapi?" aliniuliza.

"Sijahesabu."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Unaona? Wewe ukisema kweli unaongea mpaka mtu anasinzia. Ukidanganya, neno moja. Endulen pia ulisema moja."

Nilihisi masikio yanawaka. "Kwa hiyo ulijua palepale."

"Nilijua palepale."

"Kwa nini hukumwambia Mwalimu jana?"

"Yangu nilishasema, mbele ya Kakesio nzima. Imebaki yako. Siwezi kukusemea na hiyo." Alichukua kikombe changu, akamwaga machicha. "Mimi ningejuaje kwamba ulitaka tu nikuachie ile nafasi? Ungeniomba, labda ningekupa. Labda nisingekupa. Lakini ungeniomba."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimeliwaza hilo, kwamba niliandika hata ombi lenyewe kichwani na nikalihariri, lakini nikaona tumeshafika mahali ambapo maelezo yangu hayamsaidii yeye kitu.

"Ng'ombe wa kijivu alikuwepo kweli?" niliuliza.

"Alikuwepo." Alitazama zizi. "Alikufa wa mwisho."

Safari ya kurudi nilikaa nyuma ya kiti cha Mwalimu. Yeye alikaa nyuma yangu. Vijana walikuwa wanarudia maneno ya yule mwanamke mwenye mtoto, kila mmoja akidai kwamba ataigiza Mfugaji mara ijayo, na Mwalimu akisema mswada lazima uandikwe upya na kwamba waandike wawili, mimi na yeye. Aliposema "na yeye" niliukuta ule wivu wa zamani umekaa palepale, haujapungua. Nilikuwa nimedhani kwamba baada ya jana utakuwa umeondoka. Nilifikiria kumwomba Mwalimu tuliongee hilo tukifika. Nilifikiria kumwandikia ujumbe. Kiti changu kilisukumwa kidogo na goti kutoka nyuma.

"Mwalimu," nilisema.

"Naam, binti yangu."

"Kuna jambo la pale bombani."

"Bomba gani?"

Nikaanza. Nilianzia kwenye bomba, nikarudi nyuma mpaka siku ya mnada na zile sekunde kumi na moja, nikaeleza ujumbe niliouandika mara nne na jinsi wa tatu ulivyokuwa karibu na ukweli kuliko wa nne, nikaeleza Endulen, nikaeleza bibi yangu, nikaeleza nilichohisi ngoma ilipolia mara mbili bila kujibiwa. Mwalimu hakugeuka, ila aliteremsha kioo na kukipandisha tena. Tulipanda ukingo wa kreta, tukapita magari ya wageni yaliyokuwa yakisubiri ukungu ufunguke, tukateremka msituni, na geti lilipoonekana nilikuwa bado naeleza.

Nilitaka kujua kama yeye, pale nyuma yangu, anasikia. Nilipogeuka, alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, amesinzia.